Zimwi Likujualo: Nani Yuko Ndani ya Joka la Tamasha?

Taya mbili zenye bati la chuma zinagongana. Kwa!

Kofia ya mtoto haipo tena kichwani.

Mtoto anajishika utosi. Wenzake wanaruka nyuma, wanacheka, wanasogea tena. Joka limesimama palepale katikati ya njia, shingo juu, kofia mdomoni, na halina haraka. Anayetaka kofia yake atoe peni moja. Peni ikitoka, taya zinaachia, kofia inaanguka, na joka linageuza shingo kutafuta kichwa kingine.

Huyu ndiye Snap, joka la Norwich, mashariki mwa Uingereza. Kwa karne nyingi alitoka na maandamano ya chama cha Mtakatifu George, na chama kilipovunjwa mwaka 1731 akaendelea kutoka siku ya kumsimika meya mpya. Siku hizi makao yake ni jumba la makumbusho la Ngome ya Norwich, ngome iliyojengwa na Wanormani. Mwili wake ni kapu. Kapu hasa: fito zilizosukwa, turubai juu yake, na magamba ya kuchorwa kwa rangi. Miguu ya joka haikuwepo. Chini ya pindo ilionekana miguu miwili ya binadamu.

Ustadi wa kumtengeneza ninauelewa. Ambalo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni jambo jingine: kila mtu aliona ile miguu miwili, na bado watu walilipa.

## Watakatifu wakaondoka, joka likabaki

Chama cha Norwich kilianzishwa mwaka 1385, na mwaka 1417 Mfalme Henry V akakipa hati rasmi. Siku ya sherehe walitoka Mtakatifu George, Mtakatifu Margaret na joka. Kisha yakaja Mageuzi ya dini ya karne ya 16, na kuwatukuza watakatifu kukawa jambo la kumponza mtu. Wakubwa wa mji wakaamua: George asitoke, Margaret asitoke. Joka, kwa ajili ya burudani, lije lijionyeshe kama miaka mingine.

Soma uamuzi huo taratibu. Hadithi yote ilikuwa ya shujaa anayeua joka. Wakamwondoa shujaa, wakalibakiza joka.

Na sherehe haikufa.

Kila tamasha la enzi za kati linalofanyika leo ndani ya kuta za ngome lingefaa kulijua hilo. Fedha nyingi huenda kwa mashujaa: farasi, deraya, mikuki ya kuvunjika, washonaji. Zimwi huachiwa wiki ya mwisho na mabaki ya mbao. Halafu watu wakifika nyumbani, wanachosimulia ni zimwi.

Maandamano ya Norwich yalipofika kanisa kuu, Snap hakuingia. Yeye ni mnyama. Alikaa nje, juu ya jiwe, akingoja ibada iishe.

## Mtu mmoja ndani ya kapu

Joka la kuvaliwa na mtu mmoja ni kazi ya msusi wa vikapu kabla ya kuwa kazi ya mchoraji. Fito za mwerebi zilizokauka hazisukiki, hupasuka. Hulowekwa kwa siku kadhaa, husukwa zikiwa bado na maji, na zikikauka hunywea kidogo, kwa hiyo msuko uliokuwa umebana jana leo unalia kila hatua. Ndiyo maana maungio hufungwa kwa kamba na hayapigiliwi misumari. Mwili wa kapu hupinda mtu anapotembea. Msumari hauvumilii kupindapinda. Unajichimbia tundu na kutoka, na unapotoka ncha yake iko upande wa ndani, penye mbavu za mtu.

Uzito haufai kukaa mabegani peke yake. Mshipi mpana wa nyonga ubebe sehemu kubwa, mabega yawe ya kusawazisha tu. Kosa la kawaida ni kichwa kizito. Fundi hukipenda kichwa, hukiongezea pembe, meno, macho ya kioo, na matokeo yake joka zima linainama mbele. Mbebaji anatembea ameegemea nyuma, na baada ya nusu saa kiuno kimekwisha. Dawa yake ni kuweka uzito mkiani, hata kama ni mfuko wa mchanga, hadi fremu ikae sawa ikiwa imening'inizwa kwa kamba moja katikati.

Sasa taya. Ya juu haitikisiki. Ya chini iko kwenye bawaba na huanguka yenyewe kwa uzito wake. Kamba inapovutwa, ya chini inapanda kwa nguvu na kugonga ya juu. Mpango huu una faida: joka likipumzika mdomo uko wazi, na mkono wa mtu unapumzika pia. Kamba ipitishwe kwenye kapi ndogo. Ikisugua fito za shingo italika, na kwa kawaida hukatika mchana, umati ukiwa umefurika.

Lakini kushika kofia ni kushika kamba. Maadamu kofia imo mdomoni, mkono umeng'ang'ania, na mkono huohuo hauwezi kupiga mbawa.

Ninavyoona, hapo ndipo linapotoka lile tulio la joka linalongoja peni. Si maringo. Mtu wa ndani amebanwa na kamba yake mwenyewe, na kutoka kwenye kubanwa huko amepata kitendo kizuri kuliko vyote alivyonavyo. Zimwi linalokimbiakimbia, watu hulizoea upesi. Zimwi lililosimama na kitu chako, likikutazama, hulizoei.

Tundu la kuonea huwekwa shingoni na kufunikwa kwa wavu uliopakwa rangi nyeusi upande wa nje. Mbele mtu anaona vizuri kiasi. Pembeni haoni, na chini haoni kabisa: mtoto wa miaka mitatu aliyesogea hadi kwenye pindo, kwake hayupo. Norwich walikuwa na watu waliotangulia wakipunga panga ili kufungua njia. Mtazamaji aliona mapambo. Kwa mtu wa ndani ya kapu, hao walikuwa macho yake.

## Mkia

Vuka bahari uende Mons, Ubelgiji, Jumapili ya Utatu, saa sita na nusu mchana. Joka la huko linaitwa Doudou na pambano lake linaitwa Lumeçon. Lina urefu wa karibu mita 10 na uzito wa kilo 200 hivi. Wabebaji waliovaa nyeupe ni 11. Gawanya, unapata kilo 18 kwa mtu, mzigo ambao kijana mzima haumsumbui.

Hesabu hiyo inadanganya.

Kilo 18 ni wakati joka limenyooka na limesimama. Likigeuka, wa katikati wanakanyaga palepale, wa kichwani wanatembea, na wa nyuma wanakimbia. Chukua joka la mita 10 linalozunguka kwenye nukta iliyo mita 2.5 nyuma ya pua. Ncha ya mkia iko mita 7.5 kutoka nukta hiyo, kwa hiyo inakwenda mara tatu ya kasi ya pua. Wa mbele wakisogea mita 2 kwa sekunde, ncha inapita mita 6 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 21 kwa saa. Mtu aliyeko mkiani hauoni uamuzi wa aliyeko kichwani. Anausikia mbaoni, ukiwa tayari umefika.

Na mkia wa Doudou haujaumbwa kuwakwepa watu. Umeumbwa kuwafikia. Ncha yake ina shungi la nywele za farasi, na wanaume waliojifunika majani mwili mzima huuongoza mkia na kuushusha juu ya umati uliobanana kwenye kamba ya uwanja. Mamia ya mikono inaruka kunyofoa nywele, kwa sababu unywele wa Doudou ni bahati ya mwaka mzima. Kila upande unavuta kwake. Ndani ya duara George yuko juu ya farasi. Mikuki inavunjika, upanga unashindwa, na bastola ndiyo inayomaliza kazi, kwa risasi ya tatu. Mashetani wenye vibofu vya ng'ombe wanawachapa watu. Hayo yote huchukua kama nusu saa.

Kinachozuia maafa hapo ni mambo ya kawaida kabisa. Mchanga umemwagwa ili kwato zisiteleze kwenye mawe. Farasi hazoeshwi milio siku ya sherehe; huanza mapema, kwanza kwa mbali, kisha karibu. Na mkia hushushwa kutoka juu, haupitishwi kwa usawa. Ukitoka juu, watu wanauona, wanainua mikono, wanaupokea. Ukija kwa usawa, wa kwanza anauona na wa tatu anapigwa mbavuni.

UNESCO iliyaweka majitu na majoka ya maandamano ya Ubelgiji na Ufaransa kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, Mons ikiwemo. Tarascon nayo imo.

Tarascon ndiyo iliyonivuruga.

## Mfupa uliovunjika

Hadi hapo nilikuwa na jibu, na lilinipendeza. Nilisema: watu wanalikubali zimwi kwa sababu wanamjua aliye ndani. Snap ni jirani aliyevaa kapu. Doudou ni vijana wa mjini. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikaona nimemaliza.

Kisha nikarudi Tarascon, kusini mwa Ufaransa, ukingoni mwa mto Rhône, penye ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1400 na kukamilika 1449 chini ya René wa Anjou. Mfalme huyohuyo ndiye aliyeanzisha michezo ya Tarasque mwaka 1474. Tarasque wa hadithi ana kichwa cha simba, gamba la kobe na miguu sita. Alikuwa akila wasafiri wa mtoni hadi Mtakatifu Martha alipomnyunyizia maji ya baraka, akamfunga kwa mshipi wake na kumwongoza kama mbuzi hadi mjini.

Katika michezo ya kipindi cha Pentekoste, Tarasque alikuwa na wanaume ndani na mkia wa boriti. Boriti ngumu, kwa usawa, kwa kasi. Masimulizi ya zamani yanaeleza watu wakiangushwa, mikono na miguu ikivunjika, na umati ukishangilia kwamba Tarasque amefanya vema.

Wabebaji walikuwa majirani. Walijulikana kwa majina.

Basi kujuana hakukumlinda yeyote. Pengine kulifanya kinyume: nani ndani ya zimwi asiyekumbuka deni lake, shamba lake, mchumba wake? Ndani ya fremu ile hakuna uso wa kuulizwa kesho.

Hapo nikalazimika kuisikiliza upya methali ambayo tumeizoea kuitaja kwa kujifariji. Haisemi zimwi likujualo halikuli. Linakula. Inasema tu halikumalizi.

Nikiisoma hivyo, ile boriti haihitilafiani nayo hata kidogo, na swali la peni linabadilika pia. Watu wa Norwich hawakulipa kwa kuamini wako salama. Walilipa kwa sababu kuna kitu chao halisi kilikuwa mdomoni.

Suala la fundi basi ni kiasi: zimwi lichukue nini? Kofia inatosha. Mguu ni mwingi mno. Lisipochukua kitu, ni pambo linalotembea.

## Tani 11

Furth im Wald ni mji mdogo wa Bavaria, Ujerumani, karibu na mpaka wa Ucheki. Mchezo wa kuchoma joka mkuki umo kwenye kumbukumbu za huko tangu 1590. Hadithi imewekwa mwaka 1431, wakati wa vita vya Wahus, wafuasi wa Jan Hus, mrekebishaji wa dini wa Ucheki: wakimbizi wamejaa, mtawala wa ngome ni mwanamke, yuko tayari kujitoa kwa joka ili watu wake wapone, na shujaa Udo anarudi kwa wakati. Kila Agosti mji unajaa, na kando ya mchezo kuna kambi kubwa ya enzi za kati yenye mahema, wahunzi na masufuria juu ya moto.

Zamani joka la Furth lilitoka na maandamano ya Ekaristi Takatifu. Kibofu kilichojazwa damu kilifichwa mdomoni, mkuki ulikipasua, na watu walikimbilia kuchovya vitambaa katika damu hiyo na kuvipeleka kwenye mashamba yao ya kitani, mazao yastawi. Mapadre hawakupenda kuona waumini wakiacha Ekaristi na kukimbilia damu ya joka. Mwishowe mchezo ukatenganishwa na maandamano.

Joka la sasa linaitwa Tradinno, jina lililounganishwa kutoka maneno ya Kijerumani ya mapokeo na uvumbuzi. Lilitengenezwa na Zollner Elektronik na linatumika tangu 2010. Linatembea kwa miguu minne, lina injini ya dizeli ya lita 2 yenye nguvu farasi 140, na uzito wa tani 11. Guinness walilipima: urefu mita 15.72, upana wa mbawa mita 12.33, roboti kubwa kuliko zote duniani inayotembea. Linatema moto na kutoka damu.

Hakuna mtu ndani. Waendeshaji wako nje, na rimoti.

Ni kazi ya kihandisi inayostahili heshima yote. Kutembeza tani 11 kwa miguu minne maana yake ni kwamba kila mguu mmoja unaponyanyuka, mitatu inabeba mzigo wote, na mwili usiposogezwa kwanza kuelekea upande wa mitatu, mnyama anaanguka. Ndiyo maana linatembea taratibu. Na ndiyo maana linahitaji uwanja mtupu mbele yake: mashine ya namna hiyo ikigoma katikati ya njia, huwezi kuwaita vijana kumi waisukume kando.

Moto unaongeza nafasi nyingine. Majoka ya maonyesho yameungua yenyewe: Mei 2018 lile la gwaride huko Florida lilishika moto kichwani likiwa njiani, na Aprili 2023 la jukwaani huko California likateketea. Kichwa ndipo gesi, kiwashio na ngozi ya plastiki vinapokutana mahali finyu. Valvu ya gesi iwe ya kujifunga yenyewe mkono unapoiachia, mwale uelekezwe juu, na upepo ukianza kuyumbayumba usiku huo joka liteme moshi tu.

Hivyo hatua kwa hatua joka linasogezwa mbali na watu, kwa sababu nzuri kabisa, moja baada ya nyingine. Linatisha zaidi. Haligusi mtu. Silaumu Furth, ukumbi wao ni wa kutazamwa kutoka majukwaani, na joka lao linaujaza. Ila ninapofikiria wale waliochovya vitambaa, naona kitu kilichokuwa kikivuka kamba kimebaki upande wa pili.

## Uani mwa ngome

Ua wa ngome una masharti yake, na mengi huonekana siku ya tamasha, wakati umechelewa.

Lango ni moja, au ni mawili na la pili limefungwa. Zimwi likiingia kwa lango hilo linapendeza sana, kwa mwangwi wa kuta na giza la njia ya ndani, lakini limeziba njia pekee ya kutokea. Liingie, lisimame likiwa limeshapita kizingiti kwa urefu wake wote, ndipo lingurume. Chini ya mawe ya ua mara nyingi kuna ghala au tangi la maji la kale, kwa hiyo chochote cha kuhesabiwa kwa tani kiulizwe kwa mhandisi kabla hakijaulizwa kwa mchoraji. Kamba za mahema ya wauzaji hukamata mbawa. Marobota ya nyasi ambayo watu hukalia ni kuni.

Njia ya kujua kama zimwi litapita ni kuchukua upondo wenye urefu sawa na zimwi, watu wawili washike ncha, wapite njia yote wiki moja kabla. Upondo ukigonga ukuta kwenye kona, mkia utagonga kichwa.

Kamba ya kuzuia watu iwe mbili, mita 2 kati yake, na zimwi liwe na ruhusa ya kuivuka ya kwanza tu. Mbebaji abadilishwe kila dakika 15 au 20, asingoje hadi aombe. Ndani ya turubai mtu hajui kwamba amechoka, anajua tu kwamba amekasirika, na aliyekasirika huzungusha mkia kwa usawa. Kando yake awepo mtu wa fimbo: gongo moja ubavuni simama, mawili rudi nyuma. Sauti ya mdomo haisikiki humo.

Na kabla ya yote hayo, waamue litachukua nini. Mkate kwenye meza ya muuzaji aliyekubali mapema. Bendera ya shujaa. Kilemba cha msemaji wa sherehe. Kitu ambacho mwenyewe atakitaka kirudi, na ambacho watu wataona kimeondoka.

## Tarehe 29 Julai

Kuna sehemu ya Tarascon nimeiacha hadi sasa.

Katika hadithi, Martha alipomleta Tarasque mjini, mnyama alikuwa ameshatulia. Hakumgusa mtu. Watu wakamrukia kwa mikuki na mawe wakamuua akiwa amefungwa mshipi.

Kisha wakamjenga upya, kwa mbao na turubai, wakamwingia, na kwa karne nyingi wakamwacha awapige.

Lakini zamani mwaka ulikuwa na siku mbili. Ile ya Pentekoste ilikuwa ya boriti. Tarehe 29 Julai, sikukuu ya Martha, Tarasque alitoka tena, na mbele yake alitembea msichana mdogo akimwongoza kwa utepe. Mnyama alimfuata kwa utulivu. Mkia ukapita kando ya watu walewale, taratibu, karibu kiasi cha kuushika.